Naomba ushauri: nisajili kampuni ya LLC California au nisubiri?

Ndugu zangu, nisaidieni. Naoka mkate wa kumimina na biskuti za tende jikoni kwangu, kwa kibali cha vyakula vya nyumbani. Wateja wanaulizia sambusa za nyama, ila kibali hiki hakiruhusu vyakula vyenye nyama ndani. Jumamosi niliwarudisha watatu mikono mitupu, roho iliniuma.

Nataka kusajili LLC, yaani kampuni inayotenganisha mali ya biashara na mali yangu binafsi, lakini jimbo linadai dola 800 kila mwaka hata usipopata faida. Kwangu huo ni unga wa miezi! Nikibaki hivi bila kampuni, nikishtakiwa inaguswa hadi akiba ya wanangu.

Mliopitia haya, mlianza na kampuni au mlikodi kwanza jiko la biashara? Na kuna ambaye kaunti yake inaruhusu kuuza mlo kamili kutoka nyumbani?