Daktari kanikataza pombe, baba mkwe Mjerumani ananifungulia bia kila Jumapili. Nimwambieje?

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa mlio Ulaya.

Niko Bavaria mwaka wa tisa, nimeoa hukuhuku. Kila Jumapili tunakula kwa baba mkwe. Kabla sijavua koti ameshashuka stoo ya chini na kurudi na chupa mbili za nusu lita. Anapangusa shingo ya chupa kwa kidole gumba, ananiwekea yangu mbele. Tunagonganisha tukitazamana machoni. Mzee si muongeaji. Upendo wake kwangu uko kwenye ile chupa.

Sasa presha imepanda, daktari kasema niache kabisa. Nikamwambia nijuavyo kidogo ni dawa ya moyo. Akanijibu hata Jumuiya ya Lishe ya Ujerumani (DGE) imebadili msimamo mwaka 2024. Zamani mwanamume aliambiwa asizidishe gramu 20 za alkoholi kwa siku, yaani chupa moja kama ile ya mzee. Sasa wanasema bora usiguse.

Mzee ana miaka 74, na kwake bia ni chakula. Nikikataa ataona nimemkataa yeye. Mimi Mchaga, najua uzito wa kukataa kata ya mbege mbele ya mkwe. Nifanyeje?

NesiLeeds: Pole kaka. Hilo la dawa ya moyo limetuchanganya wengi. Tafiti za zamani ziliwalinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa, kumbe kati ya wasiokunywa walikuwamo walioacha kwa sababu ya ugonjwa. Hapo mnywaji lazima aonekane mzima. Mimi saratani ndiyo inanitisha, ya matiti ikiwemo. Tangu 1988 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, imeiweka pombe kundi la kwanza la visababishi, na Januari 2023 WHO ikasema hakuna kiwango kisicho na hatari. Presha unayo tayari, msikilize daktari wako.

MtotoWaKibosho: Mnamtisha bure. Babu yangu kanywa mbege mpaka uzeeni, hajawahi kulazwa.

NesiLeeds: Babu alishinda shambani, ndugu yangu. Na waliozikwa mapema kwa pombe hapo kijijini nao uwahesabu.

Hamburg_TZ: Mkuu, siku hizi huku kusema hunywi hakushangazi mtu. Vijana kazini kwangu wanaagiza alkoholfrei, yaani bia isiyo na kilevi, na hakuna anayeuliza. Ila soma lebo: bia ya "alkoholfrei" inaweza kuwa na hadi asilimia 0.5. Ukitaka isiyo na kitu, tafuta iliyoandikwa 0,0.

BiTatu: Mwanangu, mie Muislamu, miaka 20 Uholanzi, nimekaa meza nyingi zenye mvinyo. Watu hawachukii glasi yako ya maji, wanachukia kukimbiwa. Usimwambie Jumapili mbele ya wote. Nenda kabla, peke yako, umwambie kama unavyomwambia baba yako: naumwa. Na kreti ya hiyo 0,0 uibebe wewe, uiweke stoo kwake, ili chupa aendelee kukufungulia yeye.

Mleta uzi: Bi Tatu, shikamoo na ahsante sana. Nimempigia kwamba naenda kesho asubuhi. Akauliza kuna nini, nikasema presha. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia na yeye anameza vidonge vya presha mwaka wa tatu, mama mkwe tu ndiye anajua. Kreti iko kwenye gari.