Mafundi wa mkono wamechangia nini katika bastola za mashindano za leo?

Nukta ya Kati:

Ndugu zangu wapenzi wa ulengaji shabaha, salaam. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo nimelitafakari kwa muda mrefu. Bastola ya mashindano inayouzwa leo ikiwa mpya huja tayari na triga laini, vilengeo vinavyorekebishwa, mdomo mpana wa kuingizia magazini, kitufe cha usalama kinachofikiwa na kidole gumba cha mkono wowote, na mahali pa kufungia kilengeo cha nukta nyekundu. Wapo wanaosema kwamba haya yote ni matunda ya wahandisi wa viwandani na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kwamba fundi mwenye tupa na jiliwa amebaki kuwa historia. Wengine wanashikilia kwamba viwanda vimeiga tu. Ningependa kujua ni vipengele gani hasa vilitoka kwenye karakana za mafundi binafsi, vilifikaje kiwandani, na kama bado kuna kazi inayomhitaji fundi huyo.

Tupa na Jiliwa:

Ndugu Nukta ya Kati, mimi niko upande wa mafundi, ingawa si kwa kila kipengele ulichokitaja. Tuanze na M1911, bastola iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Ilitengenezwa kwa ajili ya vita, hivyo sehemu zake ziliachiwa nafasi ya kucheza ili ifanye kazi hata ikiingiwa na tope, na ili kipuri cha bastola moja kiingie kwenye nyingine bila kupigwa tupa. Nafasi hiyo hiyo ndiyo iliyompa shida mlengaji wa mashindano. Anayesimama Camp Perry, Ohio, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, ameshika bastola kwa mkono mmoja na shabaha iko yadi 50 mbele yake, yaani kama mita 46. Kwa umbali huo, mtutu usiporudi mahali palepale baada ya kila risasi, hata mkono uliotulia hauwezi kumwokoa.

Mafundi walitafuta dawa kwa mikono yao. Walizibana reli za slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, kisha wakaisugua juu ya fremu, mwili wa bastola unaoibeba, kwa unga wa kusagia hadi ikateleza bila kutikisika. Waliweka bushi mpya, yaani pete inayoushika mtutu, mdomoni mwake, waliongeza chuma kwa kuchomelea pale mtutu unapojifunga kwenye slaidi, halafu wakakipunguza kidogo kidogo, wakipima kila mara. Kazi hii ilihitaji subira kubwa, kwa sababu chuma kilichozidi kuondolewa hakirudi.

Jina ambalo halistahili kusahaulika hapa ni la James Clark wa Louisiana, aliyekuwa fundi na mlengaji kwa pamoja, na ambaye mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa taifa wa bastola. Clark alikata slaidi mbili na kuziunganisha kwa kuchomelea ili apate moja iliyo ndefu kuliko ya kawaida. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ukaongezeka, hivyo kosa dogo la kulenga likaonekana mapema, na uzito uliosogea mbele ukautuliza mkono. Pia aligeuza M1911 zitumie .38 Special, risasi ya rivolva yenye teke dogo, yaani msukumo mdogo wa kurudi nyuma. Kampuni ya Colt, ambayo ilikuwa imetoa Gold Cup, M1911 yake ya mashindano, mwaka 1957, ilifuata baadaye na toleo lake la .38 Special, na slaidi ndefu ya inchi 6 sasa unaagiza moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji kadhaa. Kitufe cha usalama cha pande zote mbili, kwa upande wake, kinahusishwa zaidi na Armand Swenson, fundi wa California.

Kaliba 38:

Naomba kuendelea pale alipoishia mwenzangu, kwa kuwa mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na ulengaji wa vitendo, mchezo wa kulenga shabaha kwa usahihi na kwa kasi. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Katika mchezo huu pointi hugawanywa kwa sekunde ulizotumia, kwa hiyo bastola inayochelewa kurudi kwenye shabaha inakugharimu hata kama hukukosa.

Ili watu wasikimbilie risasi dhaifu, kanuni huzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (greni moja ni kama gramu 0.065) na mwendo wake kwa futi katika sekunde, kisha hugawanya kwa 1,000. Katika daraja la Open la IPSC, lile linaloruhusu marekebisho mengi zaidi ya bastola, sharti leo ufikie 160 ili upewe pointi za kiwango cha juu. Sasa tazama hesabu hii. Kichwa cha greni 230 cha .45 ACP, risasi ya asili ya M1911, kikienda futi 700 kwa sekunde kinatoa 161. Kichwa cha greni 115 cha .38 Super, ambacho ni nusu ya uzito ule, kikienda futi 1,400 kinatoa 161 vilevile. Jibu ni moja, lakini gesi inayofika mdomoni mwa mtutu haifanani hata kidogo: kikomo cha shinikizo cha .45 ACP ni pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, wakati cha .38 Super ni 36,500.

Hapo ndipo mafundi walipoona mwanya. Walifunga mbele ya mtutu kompenseta, yaani chemba yenye matundu upande wa juu, na gesi inayotoka kwa nguvu kupitia matundu hayo ikausukuma mdomo wa bastola chini wakati teke linapoupandisha. Kwa .45 ACP kifaa hicho kilisaidia kiasi tu, lakini kwa .38 Super kiliubadilisha mchezo mzima, hasa baada ya walengaji kama Rob Leatham na Brian Enos kuigeukia risasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kisha ukaja upungufu wa magazini, maana M1911 ya .38 Super ilibeba risasi 9 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi Virgil Tripp na Sandy Strayer waligawa fremu vipande viwili: sehemu ya juu ya chuma yenye reli, na mpini wa plastiki wenye nafasi ya magazini iliyopanga risasi kwa safu mbili. Muundo huo ulipewa jina la 2011, ambalo si mwaka. Leo viwanda vingi vinatengeneza bastola za namna hiyo, na wanunuzi wengi hawajui kwamba ulianza kama jibu la mafundi kwa tatizo la washindani wachache.

Hata hivyo, kwa kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kinachomwonyesha mlengaji nukta ya mwanga juu ya shabaha, ni haki tuwape wengine sifa yao. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1975, kabla bastola hazijafikiriwa sana. Kazi ya mafundi ilikuwa kukifunga. Vilengeo vya mwanzo vilikuwa vikubwa mno kukaa juu ya slaidi inayokwenda mbele na nyuma kwa kasi, hivyo wakabuni mabano yanayoshikwa na fremu. Mlengaji Doug Koenig alipotwaa ubingwa wa dunia wa IPSC mjini Adelaide, Australia, mwaka 1990 kwa bastola yenye kilengeo hicho, mjadala ulikwisha. Vilengeo vilipopungua ukubwa, mafundi walianza kuchonga slaidi ili kuvilaza humo, na mwaka 2015 kampuni ya Glock ikaanza kuuza bastola zenye slaidi iliyokwisha kuchongwa kutoka kiwandani.

Mpini wa Mti:

Wenzangu wamezungumzia zaidi Marekani, na mimi ningependa tukumbuke bastola za Olimpiki pia. Katika bastola ya hewa ya mita 10 triga haipaswi kuwa nyepesi kuliko gramu 500, na bastola nzima lazima iingie kwenye sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Ndani ya mipaka hiyo, kinachowatenganisha walengaji ni mpini. Mpini uliochongwa kufuata kiganja chako unaufanya mkono ushike namna ileile kila mara, bila kutafuta. Cesare Morini alianza kama mchongaji wa mipini, na kampuni ya Uswisi yenye jina lake baadaye ikatengeneza bastola kamili, zikiwemo zenye triga ya umeme. Katika upande huu fundi hakuigwa na kiwanda, kwani aligeuka kuwa kiwanda yeye mwenyewe.

Nukta ya Kati:

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Bado nina swali moja. Katika daraja la Production, la bastola zinazotumika karibu kama zilivyotoka kiwandani, kanuni zinakataza marekebisho mengi. Je, hapo fundi hafi kabisa?

Tupa na Jiliwa:

Ndugu yangu, katika daraja hilo kazi ya fundi ilihamia kiwandani. Kwa kuwa mshindani haruhusiwi kuibadilisha sana bastola yake, alimtaka mtengenezaji aibadilishe kabla ya kuiuza. Angalia bastola ya CZ 75 iliyotoka Czechoslovakia mwaka 1975. Mafundi walikuwa wakiilainisha triga yake kwa miaka mingi, hadi kampuni yenyewe ikatoa SP-01 Shadow, ambayo kizuizi cha pini ya kufyatulia, kipande cha usalama kinachoizuia pini hiyo hadi triga ivutwe, kiliondolewa makusudi ili triga ivutike kwa ulaini zaidi. Mwaka 2016 ikafuata Shadow 2 yenye uzito wa takriban gramu 1,330, wakati CZ 75 ya kawaida ina takriban gramu 1,000, na nyongeza hiyo inasaidia kumeza teke. Nionavyo mimi, bastola hiyo ni orodha ya maombi ya walengaji na mafundi wao, iliyopigwa muhuri wa kiwanda.

Kuhusu kazi iliyobaki, iko tele. Kiwanda hutengeneza kwa ajili ya mkono wa wastani na risasi ya wastani, lakini anayeshindana ana urefu wake wa kidole, na mara nyingi ana risasi alizojijazia baruti kwa kipimo chake. Springi ya slaidi ikiwa ngumu kuliko risasi hizo, ganda linakwama. Ikiwa laini mno, slaidi inaigonga fremu kila mara na kuichosha. Fundi husikiliza, hutazama maganda yanaangukia wapi, kisha huchagua springi. Vilevile bastola za Open huchakaza mitutu kwa sababu ya shinikizo lile alilolieleza Kaliba 38, na mtutu mpya wa daraja hilo huuzwa ukiwa na chuma cha ziada kwa makusudi. Anayekiondoa chuma hicho, akipaka wino kuona pale unapogusa, akipitisha tupa mara moja na kupima tena, ni fundi yuleyule uliyeambiwa kwamba hana nafasi.