Vita Baridi: lawama ni ya Stalin au Truman?

Swali: Wakuu, nafundisha historia kidato cha sita. Jana mwanafunzi kanibana: nani hasa aliyeanzisha Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Wasovieti baada ya Vita Kuu ya Pili: Stalin wa Urusi ya Kisovieti au Truman, rais wa Marekani? Nimezoea kujibu "pande zote mbili", ila naona nakwepa. Mnasemaje?

Jibu: Stalin, mwalimu. Kwenye mkutano wa Yalta na viongozi wa Marekani na Uingereza, Februari 1945, aliahidi uchaguzi huru Poland. Ulipofanyika Januari 1947, kura zikachakachuliwa. Mwaka uliofuata akaifungia barabara na reli Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyoshikwa na Marekani, Uingereza na Ufaransa.

Jibu: Mkuu, Wasovieti walipoteza watu wapatao milioni 27. Hitler aliwavamia akipitia Poland hiyohiyo. Nani angeuacha mlango ule wazi? Truman naye, kwenye mkutano wa Potsdam, alimsogelea Stalin akamdokezea silaha mpya bila kutaja kuwa ni ya atomiki. Kuaminiana kungetoka wapi?

Swali: Ahsanteni sana. Kinachoniuma ni kile kikaratasi ambacho Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alimpa Stalin kule Moscow, Oktoba 1944, cha kugawana ushawishi: Romania asilimia 90 kwa Warusi, Ugiriki 90 kwa Waingereza. Stalin akapiga tiki kwa penseli ya bluu, akakirudisha. Wenye nchi zao hawakuulizwa! Kesho naanzia hapo. Ila mzigo mkubwa nitamtwika Stalin, kwa sababu ya Poland.