Barza ya Vitabu, Chumbageni

JUMATANO

Zubeda, 19:02: Assalaam alaykum wanabarza. Jumamosi kikao cha kufunga mwaka, kwangu, baada ya alasiri. Kila mtu achague kitabu kimoja katika vile tisa, aseme kilimfanya nini. Asiyekuja aseme leo.

Zubeda, 19:40: Naona mmesoma watu kumi na mmoja. Hakuna aliyejibu.

Juma, 19:43: Waalaykum salaam da Zubeda. Bajia zitakuwepo?

Zubeda, 19:43: Juma, nimeuliza kitabu.

Juma, 19:44: Kuli. Na bajia za kunde.

Saumu, 19:45: Na chatine ya nazi 😂😂

Zubeda, 19:51: Jamani tukishika bajia hatutoki. Naanza mimi. Kusadikika. Shuleni nilikariri majina ya wajumbe sita nikafaulu mtihani, basi. Mwaka huu, ule usiku umeme ulipokatika tukasoma kwa tochi za simu, ndipo nilipomsikia Karama. Mtu anashitakiwa kwa kutaka watu wasomeshwe sheria, na anayemshitaki ni waziri! Kitabu cha 1951, tena cha mtu wa hapahapa Tanga. Nilirudi ndani sikulala.

Mwanahawa, 21:15: Samahanini, nilikuwa jikoni. Mimi Rosa Mistika. Pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa ile barua ya Charles. Nilirudi nyumbani nikaukuta mkoba wa binti yangu juu ya kiti. Mnajua nilikuwa naupekua kila siku. Siku ile nikauacha, na mpaka leo sijautia mkono. Sasa mambo yake ananiambia mwenyewe, mengine mazito, lakini ananiambia.

Saumu, 21:17: Wallahi dada umenigusa.

Mwl. Hamza, 21:30: Januari tuanze na Peponi ya Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Yusuf anatolewa kwa deni la baba yake akiwa mtoto. Kuna mengi ya kuzungumza pale.

Fatuma, 22:03: Na Kuli yangu iko wapi?

Zubeda, 22:05: Fatuma mpenzi, hili si tulilimaliza Idd?

Fatuma, 22:05: Mlilimaliza ninyi.

Fatuma, 22:09: Ingekuwa ya dukani nisingesema. Ile baba aliinunua ilipotoka, 1979. Pembeni mote ameandika kwa penseli. Penye mgomo wa makuli wa Unguja ameandika "kwetu pia". Sina mwandiko wake mwingine.

Saumu, 22:11: Mimi nilimpa Juma.

Juma, 22:14: Nami nikampa yule wa Makorora.

Fatuma, 22:14: Kwa ruhusa ya nani?

Zubeda, 22:16: Jamani tusiharibu mwaka mzuri. Nani analeta mkeka?

Mzee Athumani, 22:31: Zubeda mwanangu. Mimi na baba yake Fatuma tulikuwa tishari moja. Meli zikitia nanga nje kule, sisi tukileta mzigo gatini. Wakati wa kungoja meli alikuwa akitusomea kitabu hicho, maana wengi wetu hatukujua kusoma. Akinionyesha neno kwa kidole, nami nikilifuata. Herufi nimezijulia humo. Kirudi kwa mwenyewe kwanza, ndipo mfungue kingine.

Saumu, 22:44: Shikamoo babu. Tumesikia.

Juma, 22:46: Shikamoo mzee. Nisamehe da Fatuma. Asubuhi nakwenda Makorora.

ALHAMISI

Zubeda, 12:10: Juma vipi?

Zubeda, 12:58: Juma!

Juma, 13:20: Nimefika. Mwenyewe kaenda Pangani. Mkewe kanionyesha kapu la vitabu juu ya kabati, lakini anasema hashushi kitu mpaka mumewe arudi.

Fatuma, 13:21: Umekiona?

Juma, 13:22: Nimeona kimoja kina jalada la karatasi ya kaki.

Fatuma, 13:22: Baba ndiye aliyelitia.

Fatuma, 13:23: Anarudi lini?

Juma, 13:25: Jumapili.

Zubeda, 13:40: Kikao Jumamosi, mwenye kitabu Jumapili. Mzee Athumani, tuendelee au tungoje?

Mwanahawa, 15:02: Bajia nimeshaagiza, za watu kumi na wawili.

Fatuma, 15:30: Mkikaa nitakuja. Lakini Peponi msiifungue.

Mwl. Hamza, 15:34: Sawa. Isitoshe, nimepata nakala tatu tu.

Zubeda, 16:05: Mzee?