Eti "friji ya soda"! Aliyetuuzia kingamwili ya c-Myc ametutukana mbele ya wanafunzi

BintiMaabara (Kampala):

Wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira. Sihitaji kumtaja mtu jina, kwa kuwa yeyote aliyewahi kuagiza vitendanishi mjini hapa anamjua: ni yule bwana wa gari jeupe, ambaye koti lake la maabara halijawahi kuonja tone la bafa tangu lishonwe. Leo asubuhi amesimama mbele ya wanafunzi wetu wa uzamili, akaitupia bloti yetu (utando ambao kingamwili huonyesha protini kama mistari) jicho kwa muda usiotosha kupiga chafya, kisha akauliza: "Kingamwili hii mliihifadhi kwenye friji ya soda?"

Friji ya soda! Maneno hayo ameyatamka mbele ya vijana ambao tumewafundisha kuandika joto la friza asubuhi na jioni.

Tunachunguza c-Myc, protini ya unukuzi (inayosimamia kunakiliwa kwa jeni) ambayo huungana na protini mwenzake Max ndani ya kiini cha seli, wakashika DNA na kuamsha jeni nyingi za ukuaji. Katika limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, jeni ya c-Myc hukatika kutoka kromosomu ya 8 na mara nyingi huhamia ya 14, ikakaa jirani na jeni za kingamwili, na tangu hapo haizimiki ipasavyo. Denis Burkitt aliueleza uvimbe huo mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu hapa hapa hospitali ya Mulago. Sayansi hii ilianzia kwetu, halafu mtu anakuja kutuuliza habari za friji ya soda.

Kingamwili yenyewe ni ya polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi, iliyotolewa kwenye damu ya sungura, na kila anayeifanya kazi hii anajua kwamba sungura akibadilika, mchanganyiko nao hubadilika. Toleo la awali (chupa za mzigo wa kwanza) lilitupa mstari mmoja safi karibu na kilodaltoni 60, kipimo cha uzito wa protini. C-Myc ina asidi amino 439 na hesabu hutoa takriban 49, lakini kwenye jeli huonekana juu zaidi, jambo linalojulikana miaka mingi. Toleo jipya limejaza utando mistari kuanzia juu hadi chini, na mstari wa 60 umeonekana hata kwenye HO15.19, seli za panya ambazo jeni zake za c-Myc ziliondolewa kabisa. Kingamwili iliyopigwa na joto hudhoofika. Haiwezi kuigundua c-Myc ndani ya seli isiyo na c-Myc! Nilimwonyesha safu hiyo kwa kidole, naye hakuinamisha hata shingo. Alirudia tu, polepole, kana kwamba sisikii: friji ya soda.

MzeeWaFriza:

Binti yangu, umeandika "friji ya soda" mara nyingi mno. Tuliza moyo, kisha utujibu swali la kitaalamu: mliigawa katika vijichupa? Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara hufanya kingamwili zishikamane na kuuchafua utando, na umeme hukatika kwako kama unavyokatika kwangu.

BintiMaabara:

Shikamoo mzee. Tuliigawa siku ile ile ilipofika. Zaidi ya hayo, bloti aliyoitazama leo haikutokana na chupa yetu; ilitokana na chupa ya pili ya toleo hilo hilo, aliyoileta mwenyewe ndani ya kisanduku chake cha barafu na tukaifungua akiwa amesimama pale pale. Chupa hiyo haikulala kwetu hata usiku mmoja kabla ya kutumika. Kama iliwahi kukaa na soda, ilikaa nazo kwake!

SeliT_Mbarara:

Bannange! Huyo huyo alituambia kwamba sungura wa Ulaya hawakosei, na kwamba kilichokosea ni maji yetu. Usimlipe, dada.

Kiini_na_Utando:

Poleni, lakini nyinyi mna bahati ya kuwa na seli zisizo na jeni hiyo. Mimi natafuta FOXP3, protini ya ndani ya kiini, katika seli T (seli za kinga) za binadamu, kazi inayodai kutoboa hadi utando wa kiini ili kingamwili ipenye, na mhakiki wa jarida ameandika kwamba kila seli yenye FOXP3 lazima iwe ya udhibiti, yaani ya kutuliza kinga. Seli T za kawaida nazo huionyesha kwa muda mfupi zinapoamshwa! Nimelieleza hilo katika kurasa mbili kamili, naye amejibu kwa sentensi moja.

FundiWaGulu:

Mhakiki si kitu, ssebo. Mzigo wetu uliondoka Ulaya ukiwa na barafu kavu, ukakaa Entebbe ukisubiri muhuri, na tulipolifungua boksi barafu yote ilikuwa imegeuka hewa. Kila ofisi ilituelekeza kwa ofisi nyingine.

MzeeWaFriza:

Kwa barafu kavu, agizeni mzigo ufike Jumatatu au Jumanne, kamwe si Ijumaa, na nyaraka zitangulie kwa wakala kabla ndege haijaruka.

Kromatini256:

Hayo yote ni afadhali kuliko yangu. Kingamwili yangu hutoa mstari mmoja mzuri kwenye bloti, lakini nikitaka kunasa kromatini (DNA pamoja na protini zake) hainasi chochote, kwa sababu formaldehidi tunayotumia kuzifunga protini kwenye DNA hufunika mahali inaposhika. Muuzaji ameandika kwenye karatasi kwamba inafaa "kwa matumizi yote". Matumizi yote yapi?

Kiini_na_Utando:

Kromatini256, unaacha formaldehidi kwa dakika ngapi?

Kromatini256:

Kumi, kwa asilimia moja, kisha naizima kwa glisini.

FundiWaGulu:

Jaribu tano. Na kama kuna aliye na glisini ya ziada, yetu nayo iko ndani ya mzigo ule wa Entebbe.