Difu ya LSD ya umeme, nani kawaambia oili yake ni ya maisha??

Wakuu, hili leo lazima niliseme. Gari langu lina difu ya nyuma (lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) ya LSD, yaani inayozuia tairi moja lisizunguke bure peke yake, nayo inaongozwa na kompyuta, ndo kilichonifanya nilinunue, na kitabu chake kinasema wazi oili ya difu haibadilishwi, eti imejazwa kiwandani ni ya maisha. Maisha ya nani?

Mwezi uliopita limeanza, nikikata kona kali taratibu, kama vile natoka parking, nyuma kunagonga gudu gudu gudu mpaka siti inatetemeka, sterini ikinyooka kimya. Walioniuzia wakasema tairi. Nikabadilisha zote nne, mlio ule ule.

Nikaenda kwa fundi wangu, akafungua nati ya kumwagia oili mbele yangu. Imetoka nyeusi tii, inanuka kuungua, na ile sumaku ya kwenye nati imejaa unga wa chuma, ukiusugua vidoleni unakwaruza. Jamani mle ndani si gia peke yake, kuna plate za klachi, na kamota kanazibana kila kompyuta ikiona tairi moja linazunguka kuliko lenzake, inasoma sensa za magurudumu, sterini imekatwa kiasi gani, umekanyaga mafuta vipi, kufumba na kufumbua imeshabana. Zikibanwa zinasuguana, zikisuguana ni joto, joto linaua oili, na oili ya humu ina dawa yake ya kufanya plate ziteleze vizuri zisinatenate. Dawa ikiisha nguvu ndo unasikia nyuma ya gari kunagonga. Sasa kitu cha kusuguana hivyo unakiachaje na oili moja miaka yote?

Tumeweka oili mpya ile inayotakiwa, mlio umepungua ila taa ya onyo kwenye dashibodi bado inawaka. Fundi anasema kompyuta ifundishwe upya mota ianze kubana wapi, na mashine yake ya kuongea na kompyuta ya gari haifiki huko, inafika ya walioniuzia tu. Nimerudi kwao, plate hawauzi, wanataka kubadilisha difu nzima! Waranti wamekataa, eti klachi ni kitu cha kuchakaa. Yaani oili ni ya maisha ila klachi inayoogelea humo humo inachakaa, na wameniambia hayo mawili ndani ya ofisi moja bila hata kupepesa macho.

Kuna aliyewahi kuseti hii kitu kwa mashine ya nje, isiyo ya kwao, ikakubali? Alitumia ipi?