Harusi mwezi wa 9 au mwezi wa 6? Nyumba haijaezekwa na mahindi yanangoja mvua

Mkulima wa Kasenga
Wandugu wa Lubumbashi, jambo. Wakwe wanakuja Jumapili kuchukua tarehe. Nifunge ndoa mwezi wa 9 kabla ya mvua, ao ningoje mavuno, mwezi wa 6 mwakani? Nyumba nimeanza, shamba liko barabara ya Kasenga. Na mabati, unene gani: BG 32 ao BG 28?

Mama Kisanga
Mwanangu, hatuwezi kukushauri hivyo. Shamba hekta ngapi? Mahari imekwisha ao imebaki? "Nimeanza" ni msingi ao kuta? Wageni wangapi? Mbolea umenunua?

Agro Kasapa
Kabla hajajibu, tuweke kalenda ya mahindi mezani, kwa sababu yenyewe haihamishwi. Mvua inashika katikati ya mwezi wa 11. Ukipanda baada ya katikati ya mwezi wa 12, masika yanafunga mwezi wa 4 na magunzi hayajajaa. Kwa hekta moja: mbegu kilo 25, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Mbolea ya NPK 10-20-10 mifuko 6 siku ya kupanda, mbolea ya urea mifuko 4 mahindi yakifika magotini. Palizi ya kwanza ni juma la tatu, usipitishe. Na mara mbili kwa juma fungua moyo wa mmea: ukiona majani yametobolewa na uchafu kama unga wa mbao, huyo ni kiwavi jeshi. Akishaingia ndani sana, dawa haimfikii. Kwa hiyo toka mwezi wa 11 mpaka wa 1 usiweke sherehe yoyote.

Papa Mapacha
Ndiyo maana mimi nasema mwezi wa 6. Mavuno yako ndani, bukari (ugali) ya wageni inatoka shambani, barabara ni kavu, ndugu wa Kasenga wanafika bila kukwama.

Mama Kisanga
Papa Mapacha, heshima yako, lakini mwezi wa 5 na wa 6 ndiyo wakati kila mtu anauza, na mahindi yako chini kuliko mwezi wote mwingine. Gunia analouza mwezi wa 6 kulipa chapito (hema) na viti, mwezi wa 1 angelipata na faida nzuri. Kisha atanunua unga kwa bei ya juu, nyumba ikiwa na midomo miwili.

Papa Mapacha
Na akifunga mwezi wa 9 atakula pesa ya mbolea. Kamati ya harusi haijui urea ni nini.

Mama Kisanga
Pesa ya mbolea isibaki pesa. Anunue NPK, urea na mbegu sasa, kisha ndipo aseme bajeti ya harusi kwa kile kilichobaki. Urea aiweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mfuko umefungwa. Ikilala juu ya sakafu inavuta maji na inakuwa jiwe.

Fundi wa Ruashi
Mnabishana tarehe, mimi naogopa paa. Kuna nyumba moja upande wa Kipushi iliezekwa haraka kwa ajili ya harusi, BG 32, misumari bila raba, mbao za kupigia mabati zimeachana mita moja na nusu. Dhoruba ya kwanza ya mwezi wa 10 ilinyanyua upande mzima pamoja na mbao zake. Watu walilaumu bati, lakini bati halikuwa kosa kubwa. Kosa ni kwamba paa lilikaa tu juu ya ukuta, hakuna kilicholishika. Upepo uliingia chini ya ukingo ukasukuma juu. Mvua ikashuka siku mbili juu ya kuta zilizojengwa kwa udongo bila simenti, na kona moja ikafunguka toka juu mpaka kwenye dirisha.

Fanya hivi: nondo nyembamba ao waya mnene uuzamishe ndani ya ukuta mistari mitano chini ya mwisho, kisha uufunge juu ya kila mti wa paa. Mbao za kupigia mabati ziachane sentimita 80, si zaidi. Msumari upige juu ya mgongo wa wimbi, usipige bondeni kwa maji. Na BG 28 ndiyo nene. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba.

Agro Kasapa
Fundi, kwa nyumba ya mita 7 kwa 6 ni mabati mangapi?

Fundi wa Ruashi
Ukiacha ukingo wa sentimita 60 kila upande, paa la pande mbili: mistari 11 kila upande ikiwa bati linafunika sentimita 75 baada ya kupishana. Kila mstari bati zima la mita 3 na kipande cha mita 1 (bati moja linatoa vipande 3), wanapishana sentimita 20. Jumla mabati 30, mbali na yale ya kilele.

Papa Mapacha
Tusisahau kinywaji. Munkoyo, ile ya uji wa mahindi na mizizi, ni rahisi kuliko bia.

Mama Kisanga
Rahisi, ndiyo, lakini wapishi wengi wanaiharibu. Uji wa mahindi uache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie mizizi iliyopondwa. Ukitia kwenye uji wa moto, mizizi inakufa na uji unabaki mzito. Uchuje, ulale usiku mmoja. Siku ya tatu ni mkali, wazee peke yao wanaunywa.

Mkulima wa Kasenga
Aksanti sana wote. Hekta 2. Mahari imebaki mbuzi 2 na kitenge cha mama. Wageni 200. Mbolea bado. Nyumba ni msingi, na matofali 5,000 yamekaushwa, hayajachomwa.

Fundi wa Ruashi
Hayajachomwa! Ungesema hilo kwanza. Tanuru linawaka siku kadhaa, linapoa juma zima, na yale ya pembeni yatatoka mabichi, utaongeza mengine. Kuni uko nazo?

Mama Kisanga
Na wageni 200 ni unga mifuko 2 ya kilo 25, hapo sijahesabu samaki wa tomsoni wala makala (mkaa) ya kupikia. Hekta 2 ni NPK mifuko 12, urea 8. Piga bei leo, kabla ya Jumapili.

Papa Mapacha
Mwezi wa 6.

Mkulima wa Kasenga
Kuni ziko nusu. Fundi, nikiwasha tanuru juma lijalo, kuta zinaweza kufika juu kabla ya mwisho wa mwezi wa 8?